Kikao Kisichotakiwa Kutangazwa

Pale Halvorsen hakuna kinachotokea bila Severin kukijua kwanza. Halvorsen ni bweni la chuo kikuu kimoja upande wa Saint Paul, Minnesota, jengo la matofali mekundu lenye ngazi zinazonuka bisi zilizoungua. Wenyewe hawaliiti bweni. Wanaliita jumuiya, maana Mmarekani akikupa chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, ni lazima akutafutie na neno la kukupoza. Severin ni msimamizi wa ghorofa ya tatu, na kwa kazi hiyo analala bure. Watu wa nyumbani wakimuuliza anasema yuko kwenye uongozi wa chuo. Si uongo, ni ukweli uliovalishwa tai.

Ila usimamizi wenyewe haumpi raha. Kumgongea mlango kijana mwenye ndevu tatu umwambie apunguze muziki, raha iko wapi hapo? Raha yake ni Habari za Halvorsen, jarida la kila wiki linaloingia kwenye imeili ya kila mkazi: yaliyotokea, yajayo, na nani kapoteza glovu ya mkono wa kushoto. Severin huliandika kana kwamba linasomwa na mabalozi. Wiki hiyo ya Februari lilikuwa limejaa. Kulikuwa na safari ya kuteleza kwenye barafu, jaribio la king'ora cha moto, usiku wa chapati za Kimarekani, zile nene zinazomwagiwa shira, na ujio wa mbwa wa kuliwaza. Hawa mbwa ni wa kweli. Mitihani ikikaribia wanaletwa sebuleni na wanafunzi wanapanga foleni kuwapapasa ili kupunguza mawazo. Mara ya kwanza Severin alipomsimulia mama yake jambo hilo, mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza mbwa wenyewe wanaliwazwa na nani.

Kipaji cha kutangaza alikuja nacho. Kwao Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro, kabla hajajua kwamba duniani kuna baridi ya kugandisha kope, alikuwa msoma matangazo kanisani. Misa inakaribia kwisha, watu wameshaanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi, Severin anapanda na karatasi yake na kanisa zima linatulia. Mahubiri unaweza kuyasinzilia, lakini matangazo hapana: nani anaoa, nani kafa, ng'ombe wa nani kaonekana kwenye mahindi ya parokia.

Watu wa kwetu wa Saint Paul na mji pacha wake waliiona sauti hiyo mapema, wakampa na kazi ya pili isiyo na posho. Kupeleka habari za misiba.

Kwetu msiba hauambiwi kwa simu. Mtu akifiwa na mzazi huko nyumbani, wa mwisho kujua ni yeye. Ndugu wanampigia mtu mzima aliye huku, naye anawapigia wenzake, wanaitana kimyakimya, siku inapangwa. Mfiwa anapigiwa simu kwanza, anaulizwa kama amekula. Halafu anaulizwa yuko na nani. Aliye karibu naye anapewa kazi ya kumchunga. Siku yenyewe wanafika watu wengi kuliko viti, na chupa za chai, na maandazi. Mmoja anaomba simu ya mfiwa, eti ya kwake imeisha chaji. Mwingine anaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuvichafua. Mfiwa anakalishwa katikati ya wanawake wawili wenye mikono ya kazi, na kiongozi wa dini anakohoa. Severin alikuwa amekwenda nyumba nyingi kwa shughuli hiyo, Richfield mpaka Plymouth, na watu walimsifia. Yeye ndiye aliyekuwa akiomba simu.

Sasa mtu wa namna hiyo utamficha nini?

Alhamisi asubuhi aliletewa ombi la sebule ndogo ya chini, Jumamosi saa nne. Mwombaji alikuwa Kendi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Afrika Mashariki, binti wa Meru ya Kenya anayeishi nje ya chuo na anayetembea kama mtu aliyechelewa kuapishwa. Shughuli: kikao. Chini yake ameongeza: tafadhali kisiwekwe kwenye Habari.

Severin aliusoma mstari huo kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. Kendi huyuhuyu ndiye aliyetaka mazoezi ya ngoma ya watu watatu yatangazwe kwa herufi kubwa na picha. Akampigia kumuuliza ni kikao gani. Kendi akasema ni kamkutano kadogo tu, halafu akasema yuko darasani, akakata. Nyuma yake ilisikika sauti ikimuuliza mtu kuku wake anamtaka na pilipili au bila.

Akili ya kwanza ya Severin ilimwambia wanataka kumpindua. Wiki iliyopita alikuwa amelikata tangazo la Wakenya la pati ya nyama choma akalifanya mstari mmoja, na Wakenya hawasahau nyama. Basi akaingia bafuni akajitetea huko kwa nusu saa nzima, na alijitetea vizuri sana.

Mchana akaenda jiko la pamoja kupasha wali wake. Akamkuta Jairus anaosha sufuria. Jairus ni Mkenya wa chumba cha pili, anasomea uuguzi, na sufuria yake mwenyewe tangu ahamie ina tabaka ambazo wanajiolojia wangezifurahia. Sufuria aliyokuwa akiosha haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya Severin. Na ilikuwa safi tangu mwanzo.

Severin akamuuliza kuna nini. Jairus hakugeuka.

"Si nimeamua tu kukusaidia, buda. Lakini umekula?"

Severin akashika mlango wa friji. Alikuwa ameliuliza swali hilo yeye mwenyewe mara nyingi mno, kwa sauti hiyohiyo ya pamba, asijue kwamba ukiwa upande wa pili linaingia kama sindano. Alisema amekula, akarudi chumbani na wali wake baridi.

Hakukaa sana simu ikalia. Ni Dada Haika. Huyu ni nesi wa Richfield, mwanamke wa Machame mwenye kifua cha kulalia mataifa. Yeye ndiye anayepigiwa kwanza na ndugu wa nyumbani jambo likiharibika. Vilevile ni mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Severin. Severin ana mchumba Moshi mjini, Brigitha, wa kijiji kimoja na yeye. Wamekubaliana tangu kabla hajapanda ndege, na watu wa Minnesota wakaunda kamati, kwa sababu watu wa kwetu watatu wakisimama sehemu moja kwa muda mrefu inaundwa kamati. Siku za karibuni Brigitha alikuwa akijibu meseji kwa neno moja moja. Severin aliulaumu mtandao.

Dada Haika alisalimia, akasifia hali ya hewa, ambayo ilikuwa ya kuua nzi. Kisha akauliza:

"Uko na nani hapo, mdogo wangu?"

"Niko peke yangu, dada."

"Aa. Sawa. Jumamosi tutapita kukusalimia, usitoke."

Alimwambia Jumamosi yuko zamu, hawezi kutoka hata akitaka. Dada Haika akasema ndiyo, wanajua. Akasema Mungu ni mwema. Akakata.

Baada ya hapo Severin hakuwa na shaka kwamba kuna maiti. Kilichobaki kilikuwa jina.

Akampigia mama. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Huyu mama, Genoveva, mpishi wa shule ya msingi, alimlea peke yake kwa mwiko mmoja uliokuwa ukikoroga makande ya watoto mia na kumchapa yeye akileta alama mbovu. Ana shinikizo la damu na dawa anazozimeza akikumbuka. Simu yake haizimwi hata kanisani. Ililia siku moja padri ameinua hostia, akaipokea.

Akampigia dada yake Alice, anayeishi na mama. Alice alisema simu ya mama imeingia maji. Severin akasema basi ampe ya kwake wazungumze. Alice akasema mama yuko kwenye sala za jumuiya. Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akasema amelala. Mtu hawezi kusali rozari kwa jirani na kukoroma kitandani kwake kwa wakati mmoja, labda awe mtakatifu, na watakatifu ni watu waliokwisha kufa. Halafu Alice akamaliza kwa kusema kwamba wote ni wazima. Hakuna aliyemuuliza. Mtu akianza kuwahesabu wazima bila kuulizwa, yupo anayemruka.

Basi Ijumaa alfajiri ilimkuta Severin amekwisha kuwa yatima, bado kuambiwa tu.

Alifanya alichojua. Kwanza alizima simu. Aliwahi kumwona kijana wa Kikongo akifiwa kwa njia ya WhatsApp, sokoni, mkononi ana kabichi, na akaapa kwamba yeye hatapigwa namna hiyo. Kama hakuna wa kumchunga, atajichunga. Pili akapiga pasi suti yake nyeusi. Tatu akakaa kulikamilisha jarida, kwa sababu king'ora cha moto hakingoji msiba wa mtu.

Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo huwezi kumlaumu sana ukimjua. Jarida lina kona inayoitwa Furaha na Majonzi. Alijua kwamba wiki ijayo atakuwa angani kuelekea Kilimanjaro, na kona hiyo ataiandika mtu mwingine, na huyo mtu ataliandika jina la mama yake kama dawa ya kikohozi. Alishaona, wiki aliyokuwa likizo, Wamarekani walivyomfanya marehemu baba yake Emérance, msichana wa Kikongo wa ghorofa ya pili. Mzee wa watu alizikwa kwenye jarida kwa jina la mji wa Ufaransa. Hapana. Genoveva ataandikwa na mwanawe.

Akaandika. Aliandika kwamba alikuwa mpishi, kwamba hakuna mtoto aliyepita shule ile akasahau makande yake, kwamba alipokea simu katikati ya mageuzo kwa sababu alidhani ni mwanawe kutoka Amerika, na kweli alikuwa yeye. Mahali pa tarehe aliacha wazi, maana hakuna aliyemwambia. Juu yake akaandika "subiri". Akaliweka chini kabisa, chini ya mambo ya wiki ijayo, anakowekaga mambo ambayo hayajaiva. Alilia kidogo akiandika, akafurahi kidogo jinsi sentensi zilivyokaa, akajichukia kwa kufurahi, kisha akalituma jarida kwa Bernardine, akajifungia akalala.

Bernardine ndiye katibu wa bweni. Ni mama wa makamo kutoka mashambani huko kaskazini, anavaa sweta zenye picha za bata, na kila Ijumaa mchana kazi yake ni kulipitia jarida na kubonyeza kitufe cha kutuma. Huwa anapitia juu juu. Ijumaa hiyo, kwa bahati ya kuvunja shingo, alisoma mpaka chini. Akaliona tangazo. Akavua miwani. Alimwonea huruma Severin, kijana wa watu, mnyenyekevu mpaka kifo cha mama yake anakiweka chini ya tangazo la mafua ya msimu. Akaifuta ile "subiri". Akalipandisha tangazo juu kabisa, juu ya mbwa wa kuliwaza. Pale penye nafasi ya tarehe akaandika "wiki hii", akaweka na picha ya mshumaa. Akatuma kwa bweni zima.

Jairus alilipata jarida hilo kama wengine. Lakini Jairus hajawahi kulifungua hata moja tangu ahamie. Anaiona Habari za Halvorsen kama watu wanavyoiona mvua ya nchi nyingine.

Jumamosi Severin aliamka, akavaa suti. Simu bado imezimwa. Akafungua mlango aende chini, mguu wake ukakanyaga keki.

Sakafu yote mbele ya mlango ilikuwa imejaa vitu. Kadi. Biskuti za kuokwa. Ua kwenye chungu. Mshumaa wenye harufu ya maboga. Mabakuli matatu ya kile chakula chao cha oveni, viazi na nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, ambacho watu wa Minnesota humpelekea mtu yeyote aliyepatwa na jambo, liwe kifo au kuvunjika mguu. Akaokota kadi moja. Ilikuwa inampa pole kwa kuondokewa na mama.

Alisimama hapo. Mpaka wakati huo, ndani kabisa, kulikuwa na kijisehemu kilichokuwa kinasema labda. Kikanyamaza.

Ian, kijana wa muziki wa kupunguzwa, akatokea koridoni amevaa kaptura. Akamkumbatia bila kusema kitu, na Ian ni mtu anayesema. Severin akamuuliza amejuaje. Ian akasema wote wanajua.

Wote wanajua. Huzuni ilimshika Severin, lakini iliyotangulia kufika ilikuwa hasira. Yaani Dada Haika ameanza kuwaambia wavaa kaptura, mtu anatembea na kaptura kwenye theluji, huyo ndiye ajue mama yangu amekufa kabla yangu? Watu wa kwetu wamekosea utaratibu. Yeye, Severin, katika nyumba zote alizokwenda hajawahi kuvujisha namna hiyo. Akabeba bakuli moja la viazi mkononi kama ushahidi, akashuka ngazi.

Sebule ndogo ilikuwa imejaa. Dada Haika kwenye kochi, Kendi pembeni yake, katikati yao pengo la ukubwa wa mtu. Chupa za chai. Maandazi kwenye taulo. Jairus mlangoni. Karibu na dirisha ameketi Pasta Zachariah, Mkenya anayelea wazee Golden Valley siku za kazi na kuwaombea Jumapili. Severin ni Mkatoliki; akaelewa kwamba padri amekosekana, na jambo lenyewe haliwezi kungoja.

Hakusubiri kuambiwa karibu. Akaenda moja kwa moja akakaa kwenye lile pengo. Akatoa simu yake mfukoni, akampa Jairus.

"Ulikuwa unaelekea kuniomba," alisema. "Shika. Nimekula. Siko peke yangu. Pasta, kohoa tuanze."

Walitazamana. Pasta, ambaye kweli alikuwa anataka kukohoa, akakimeza kikohozi. Dada Haika akamshika mkono Severin, akaanza kwa sauti ya wodini kwamba maisha ni safari, kwamba wao wamekuja siyo kama watu baki bali kama kamati, na kwamba kuna mambo Mungu anayaruhusu ambayo mwanadamu...

Mlango ukafunguliwa. Ni Bernardine, na bata wake kifuani, na bakuli la nne. Alikuja siku ambayo si ya kazi. Akaliweka bakuli mezani, akawaangalia watu wote wale, macho yakamjaa maji, akamwendea Dada Haika akamkumbatia, maana alimwona ndiye mkubwa. Akamwambia polepole jinsi walivyohuzunika wote pale kwa kifo cha mama yake Severin, na jinsi tangazo lilivyokuwa zuri. Akatoka akijipangusa.

Dada Haika hakusogea. Andazi alilokuwa ameshika likaanguka miguuni.

"Seve," alisema. "Mama amefariki lini?"

Severin akamgeukia taratibu. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Sisi hatujaambiwa."

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

 Redieta, lile bomba la joto chini ya dirisha, ikagonga mara kadhaa kama mtu anayetaka kuingia. Pasta akamtazama Kendi, Kendi akamtazama Jairus, Jairus akaitazama simu aliyopewa kana kwamba imeanza kunuka.

Ikabidi ukweli ufukuliwe kipande kwa kipande. Severin akasema ameona kadi. Kadi zimetoka wapi? Kwa watu wa bweni. Nani kawaambia? Jairus, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaifungua Habari za Halvorsen kwenye simu yake mwenyewe, akasoma, akanyanyua kichwa.

"Buda, hii si ni wewe umeiandika?"

Severin akachukua simu. Akauona mshumaa. Akayaona maneno yake, mazuri, yamekaa juu ya mbwa. Mtu anaweza kujitangazia msiba, lakini kuutuma kwa watu mia tatu, kisha ukaamini kwa sababu watu mia tatu wamekupa pole, hilo linataka kipaji.

"Kwa hiyo hajafa mtu," alisema Pasta, na kwa furaha akashindwa kujizuia akasema amina.

"Sasa ile ingine tutamwambia aje?" Kendi alimnong'oneza Dada Haika, kwa mnong'ono wa mtu aliyezoea kuhutubia.

"Ile ingine ipi?" aliuliza Severin.

 Dada Haika alifumba macho kama anayetoa bandeji kwa mkupuo mmoja. Akasema ni Brigitha. Send-off yake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa Jumamosi iliyopita, Moshi, ukumbi umejaa. Ndoa ni baada ya Pasaka, na mtu wa Arusha mwenye malori. Picha watu wote wameziona ila yeye, kwa kuwa Brigitha alimzuia asione. Kamati ya harusi ilikaa, ikaona haiwezekani kijana wao aje kulijua hilo peke yake kwenye simu, chumbani, theluji ile nje. Wakasema wamwendee kwa heshima, kama watu. Na baada ya hapo, kamati ingejivunja.

Severin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. Alicheka hadi Jairus akasogea kumshika, akidhani ndiyo wazimu umeanza. Akachukua andazi. Akachukua la pili. Akasema, mdomo umejaa, kwamba Brigitha ana haki yake, malori ni kitu kizuri, yeye hana hata baiskeli.

Ila alipomeza, macho yake yakawa membamba. Aliwatazama mmoja mmoja. Alikumbuka nyumba zile alizokwenda. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akianza: mzee anaumwa kidogo. Mzee amepelekwa hospitali. Mzee hali yake si nzuri. Habari hutolewa kwa vipande, kidogo kwanza, ili kubwa ikute njia.

"Mnanipa kwa vipande," alisema. "Brigitha ni kipande cha kwanza. Tangazo nimeliandika mimi, sawa. Lakini simu ya mama haipatikani, na hilo sikuliandika mimi."

Dada Haika akaapa kwa watoto wake. Severin akamwambia hata yeye alishaapa, nyumba ya Plymouth, na mtu alikuwa amekwisha kuzikwa. Pasta akasema yeye ni mtumishi wa Mungu. Severin akamwambia ndiyo maana wanaletwa.

Akaichukua simu yake kwa Jairus, akaiwasha, akampigia Alice, akaweka sauti kubwa, akailaza mezani kati ya viazi na chai. Kibosho usiku ulikuwa ndiyo unaingia. Alice akapokea. Akaanza na maji yaliyoingia kwenye simu. Severin akamkatiza, akamwambia habari za Brigitha ameshapewa, kamati nzima iko hapa. Sasa anataka sauti ya mama, na asipoisikia kabla hajakata anakwenda uwanja wa ndege na suti aliyovaa.

Ukapita ukimya wa kutosha kuzika mtu. Mikono ya Dada Haika ilimbana Severin kiunoni, safari hii si kwa utaratibu, bali kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kuogopa. Zikasikika ndala. Mfuniko wa sufuria ukawekwa kando.

"Seve. Umekula?"

 Severin akauweka uso wake mikononi, mabega yakatikisika, na watu wote sebuleni wakaangalia sehemu nyingine kwa adabu. Mama akaita tena, kwa ukali kidogo, kama enzi za mwiko. Akajibu yupo.

"Simu yako ina nini, mama?"

"Si imeingia maji."

"Mama."

Upande wa pili mama alivuta pumzi. "Niliizima. Ungenipigia ningekwambia nini? Mimi kudanganya siwezi, dada yako ndiye anayeweza."

"Hawezi," alisema Severin.

Ndipo mama akamwaga yote. Alikwenda kwenye send-off. Angefanyaje? Ni watu wa kanda moja ya parokia, mama yake Brigitha anamuuzia maziwa, na angebaki nyumbani wangesema ana kinyongo, wangesema mwanawe ameachwa na yeye ameugua. Kwa hiyo alikwenda. Alivaa sare, kitenge cha bluu, na kilemba. Alikaa meza ya tatu. MC alipotaja majirani wasimame alisimama, akapunga. Alirudi nyumbani akazima simu, akakaa.

Sebuleni hakuna aliyekohoa. Severin alikuwa amejipangusa macho kwa tai.

"Ulikula?" aliuliza.

Mama akaurudisha mfuniko kwenye sufuria.

"Kidogo."

"Ndafu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Mbuzi mzima, wamemtia majani mdomoni."

"Wakakupa?"

"Walinipa mguu," mama alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeshikwa. Halafu akaongeza haraka, "Lakini haikuiva, baba. Ndani ilikuwa na damu kabisa. Na chumvi walisahau."

Severin aliwafahamu wachoma ndafu wa Moshi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusahau chumvi. Alimtazama Dada Haika, Dada Haika akatazama dirishani. Tangu Alhamisi kijana huyu hakuwa ameliamini neno la mtu yeyote, na hili lilikuwa la uongo kuliko yote. Akaliamini.